Jiko Lichorwe Kuanzia Kwenye Moshi, Si Kwenye Kabati

Neno jiko limebeba mizigo mitatu. Jiko ni chombo cha kupikia. Jiko ni chumba cha kupikia. Na mwanamume akioa, watu husema amepata jiko. Chombo, chumba na mtu vimekaa ndani ya neno moja, lakini fundi anapoitwa kuja kupima, kinachopimwa ni ukuta tu. Mazungumzo huanza na kabati: za juu ngapi, za chini ngapi, rangi gani, kaunta ya jiwe gani. Moshi utokee wapi, maji ya mafuta yaende wapi, maganda yakae wapi, na nani atasimama hapo saa nyingi kila siku, hayo huachwa yajipange yenyewe.

Mpangilio huo uko kinyume. Karibu madhara yote ya jiko, kwa watu na kwa mazingira, yamo katika vinavyotoka: moshi, joto, mvuke, maji machafu, mabaki ya chakula, na uchovu wa mpishi. Mchoro ukianza na vinavyotoka, kabati hupata nafasi yake baadaye bila taabu. Ukianza na kabati, bomba la moshi hukosa pa kupita. (Ili tusichanganyane, kuanzia hapa chombo cha moto nitakiita meko, na jiko litabaki kuwa chumba.)

Jiko la kisasa lina asili inayojulikana. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky, akifanya kazi chini ya Ernst May katika mradi wa nyumba za jiji la Frankfurt, Ujerumani, alichora jiko lenye upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alizihesabu hatua za mpishi kama viwanda vya wakati ule vilivyohesabu mikono ya wafanyakazi. Akaweka stuli ya kuketi wakati wa kukata, droo ya taka iliyotoka kwenye kaunta yenyewe, visanduku vya alumini vya kumiminia nafaka, na mlango wa kuteleza kuelekea chumba cha kulia. Majiko kama 10,000 ya mfano huo yalijengwa, na kabati za kufungwa ukutani tunazozijua leo zimetoka kwenye ukoo huo. Nia yake ilikuwa kumpunguzia mwanamke kazi, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini chukua mita 1.9, toa kaunta na kabati za pande mbili: kinachobaki ni njia ya mtu mmoja. Kazi ilirahisishwa, na papo hapo ikafungiwa kwa mtu mmoja nyuma ya mlango. Sisi tuliorithi mfano huo tulichukua kabati, tukaacha stuli na droo ya taka, yaani vile viwili vilivyomjali mpishi na mabaki yake.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kuwa wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa, na kupika ni sehemu kubwa ya saa hizo. Vipimo vya jiko haviwezi kugawa kazi hiyo upya, ila vinaweza kuizuia isigawanyike. Njia kati ya kaunta mbili ikiwa sentimita 90, mtu wa pili akiingia, wa kwanza lazima ajibane kila droo inapofunguliwa. Baada ya siku chache wa pili huacha kuja. Sentimita 120 huwaruhusu wawili kupishana. Mtumiaji wa kiti cha magurudumu anahitaji duara la kugeukia lenye kipenyo cha sentimita 150. Tena njia pekee haitoshi. Watu wawili wanahitaji sehemu mbili za kukatia, kila moja ikiwa na upana usiopungua sentimita 60, moja karibu na sinki na nyingine mbali nayo. Kaunta iliyokatwakatwa vipande vya sentimita 40 kati ya sinki, meko na friji ni kaunta ya mtu mmoja, hata jiko liwe kubwa kiasi gani.

Kimo nacho. Sentimita 90 zimezoeleka kwa sababu kabati hukatwa hivyo kiwandani. Kipimo cha haki ni kiwiko: simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo pa kukatia. Kwa kukanda unga toa hadi 20, maana bega ndilo linalosukuma. Sinki huenda kinyume, kwa kuwa mikono hufanya kazi kwenye kitako chake, sentimita 18 au 20 chini ya ukingo. Kwa hiyo ukingo wa sinki unapaswa kuwa juu kidogo kuliko kaunta. Sinki iliyosawazishwa na kaunta inapendeza machoni, lakini mgongo ndio unaolipa.

Nyumba haina mwili mmoja, basi kaunta isiwe na kimo kimoja. Kipande kimoja cha sentimita 75, kilicho wazi chini kwa upana wa sentimita 80 na kimo cha 70, humfaa mzee, mjamzito, mtoto anayejifunza kumenya, na yeyote anayefanya kazi ameketi. Uwazi huo ukiwekewa sinki, ukingo upande hadi 85, sinki isizidi kina cha 15, na tundu la maji liwe nyuma ili bomba lisigonge magoti. Bomba la maji moto lililo chini yake livikwe kinga, kwa sababu mtu asiye na hisia miguuni ataungua bila kujua. Taa iwe juu ya ukingo wa mbele wa kaunta. Taa ya katikati ya dari humwekea mpishi kivuli chake mwenyewe juu ya kisu.

Sasa moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.1 bado hupikia kuni, mkaa, samadi, mabaki ya mazao au mafuta ya taa, na kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka 5. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unataka chembe laini za moshi zisizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Hizi ni chembe ndogo kuliko maikromita 2.5, na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Hakuna samani inayoziondoa. Zinaondolewa na moto safi, au na hewa inayopita.

Ukitaka kujua moshi wa jiko fulani unakwenda wapi, usome masizi. Ukutani nyuma ya meko utaona mchirizi uliopanda kutoka usawa wa mdomo wa sufuria, kisha ukalala upande mmoja: huko ndiko hewa inakovutwa. Ukiegemea mlango wa kwenda vyumbani, nyumba nzima inavuta moshi. Tazama kizingiti cha juu cha dirisha. Kikiwa cheusi, moshi unatoka, ila umechelewa. Kisha inua macho kwenye kona ya dari iliyo mbali na mlango. Nyuzi za buibui zilizonenepa kwa mafuta na masizi zinakuonyesha mahali ambapo hewa haitembei kabisa.

Dirisha moja, hata likiwa pana, hutoa hewa kidogo. Hewa inahitaji pa kuingilia chini na pa kutokea juu, na kadiri pande hizo mbili zinavyopishana kwa kimo ndivyo mvuto unavyoongezeka. Kosa la kawaida ni kuacha sentimita 60 za ukuta kati ya dirisha na dari. Moshi hujaa kwanza kwenye nafasi hiyo, na ukishajaa hushuka hadi usawa wa pua ya aliyesimama. Matundu yawe chini kabisa ya dari. Wavu wa wadudu uwe wa kubanduka, kwa sababu mafuta huziba vitundu vyake na baada ya miezi michache unakuwa ukuta.

Penye kuni au mkaa, dohani, yaani bomba la kupeleka moshi juu ya paa, ndiyo jibu, ikijengwa sawasawa: kipenyo cha sentimita 10 hadi 15 kwa meko ya nyumbani, wima, bila kipande cha kulala, na mdomo wake upite paa kwa sentimita 90 na uzidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3. Dohani fupi hurudisha moshi ndani upepo ukigeuka. Kuni zenye unyevu huijaza lami ya moshi, nayo huweza kushika moto. Zianikwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Mkaa una hatari yake ya pekee. Hautoi moshi mwingi wa kuonekana, kwa hiyo watu huingia nao ndani na kufunga mlango, ilhali unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Penye gesi au umeme, kazi ni ya kofia ya moshi yenye feni. Nyingi zinazouzwa huchuja hewa kwa mkaa na kuirudisha chumbani. Harufu hupungua, lakini kaboni monoksidi, oksidi za naitrojeni na mvuke vinabaki palepale. Feni itoe hewa nje ya nyumba. Kofia iwe na upana usiopungua ule wa meko, na ining'inie sentimita 65 hadi 75 juu yake. Bomba liwe gumu na laini ndani, kipenyo cha sentimita 15, na njia fupi kuliko zote. Kila kona ya nyuzi 90 hukaba hewa kama kurefusha bomba kwa mita kadhaa, na bomba la kujikunja lenye mikunjo ndani hula nguvu ya feni huku likikusanya mafuta. Jiko la mita za mraba 12 lenye dari ya mita 2.5 lina mita za ujazo 30 za hewa. Feni inayotoa 300 kwa saa huibadilisha mara 10. Lakini hewa hiyo lazima iingie kutoka mahali fulani. Jiko likifungwa kila upande, feni hunyonya hewa kupitia bomba la hita ya maji ya gesi na kuleta moshi wake chumbani. Kukaanga kuwekwe kwenye moto wa nyuma, ulio karibu na ukuta, maana hapo kofia hukamata moshi vizuri zaidi. Na anayepikia umeme asidhani ameepuka haya yote: mafuta ya kukaangia hutoa chembe zake yenyewe.

Jambo moja la gesi halina mjadala. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, kwa hiyo tundu la usalama liwe chini. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi, tundu lake liwe juu. Fundi asiyejua tofauti hiyo asiguse kazi.

Joto ni moshi usioonekana. Meko ya gesi hufikisha kwenye chakula takriban asilimia 40 ya nguvu yake. Basi moto wa kilowati 3 unamwaga karibu kilowati 1.8 chumbani, kama hita iliyowekwa mbele ya tumbo la mpishi. Meko ya umeme ya sumaku, yanayopasha sufuria yenyewe, hufikisha karibu asilimia 85. Kuchemsha lita 1.5 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilowati-saa 0.14, kwa gesi utatumia 0.35, kwa sumaku 0.16 au 0.17. Tofauti hiyo ndiyo inayomtoa mtu jasho. Sufuria ziwe zinazonasa sumaku. Ukibandika sumaku kitakoni ikashika, inafaa. Kinachoharibika zaidi ni nyaya. Meko ya kubeba ya kilowati 2 huvuta takriban ampea 9 kwenye volti 230 na yanatosha soketi ya kawaida iliyofungwa vizuri, lakini yasishirikiane na birika kwenye waya wa kuongezea. Meko manne ya kujengewa yenye kilowati 7 huvuta takriban ampea 30 na yanataka waya wake wenyewe, kwa kawaida wa milimita za mraba 6, moja kwa moja kutoka kwenye kibao cha umeme. Jiko linalochorwa leo kwa gesi litobolewe njia ya waya huo leo, kabla ya plasta.

Kikapu cha joto, yaani kisanduku kinachotunza joto ili chakula kimalizie kuiva bila moto, ni kifaa kilichosahauliwa na wachoraji wote, na hakihitaji zaidi ya droo pana chini ya kaunta. Vika kuta zake kinga yenye unene wa sentimita 10, iwe sufi, nguo kuukuu zilizoshindiliwa au povu. Chakula cha maji kichemke kwanza dakika 10 hadi 15, sufuria ikiwa imejaa angalau theluthi mbili, kisha iingie na kifuniko chake bila kufunguliwa tena. Kinaiva chenyewe kwa saa chache. Maharage mekundu yaloweshwe na yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuingia, kwa kuwa joto la taratibu haliui sumu yake ya asili. Sufuria isiyojaa ndiyo inayowaangusha wengi: hupoa haraka, na chakula kilichokaa chini ya nyuzi 60 kwa saa nyingi huzalisha bakteria.

Halafu kuna kile kinachotupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 zikitoka majumbani, wastani wa kilo 79 kwa mtu kwa mwaka. Wengi hulaumu tabia. Sehemu kubwa ya lawama ni ya kina cha rafu. Friji ina kina cha karibu sentimita 60 na jicho linaona 20 za mbele. Fungu la mboga lililosukumwa nyuma siku ya kwanza, likafunikwa na bakuli siku ya pili, hupatikana likiwa limegeuka maji ndani ya mfuko. Weka trei ya kuvuta, na sanduku moja la wazi usawa wa macho kwa vitu vya kuliwa kwanza. Friji iwe nyuzi 4, mbali na meko, na iachiwe sentimita 5 nyuma ili ipumue. Iliyobanwa kwenye kabati hula umeme na kufa mapema. Vitu vikavu vinataka rafu isiyozidi sentimita 30, chombo kimoja mbele ya kingine kikiwa ndio mwisho. Viazi na vitunguu vitenganishwe, vyote viwe gizani penye hewa.

Mabaki yasiyozuilika yapewe makazi kwenye kaunta ya kukatia, si nyuma ya mlango: tundu au droo juu ya ndoo ya lita 5 hadi 7, inayomwagwa kila baada ya siku mbili. Ndoo kubwa inaonekana ya busara lakini inanuka kabla haijajaa, na ikinuka mara mbili huachwa. Kwenye mboji, kila ndoo ya mabichi ifuate na ndoo mbili za makavu, majani au maboksi yaliyochanwa. Harufu ya mayai viza ni dalili kwamba hewa imekosekana. Ongeza makavu na geuza. Mabaki hayohayo yakifukiwa jalalani bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule.

Maji yana mambo mawili tu ya mchoro. La kwanza ni umbali wa hita: bomba la shaba la milimita 15 hubeba karibu lita 0.15 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 humwaga lita moja na nusu baridi kila unapofungua. La pili ni mafuta. Sahani zikwanguliwe na kupanguswa kabla ya kuguswa na maji, na bomba la kutolea literemke sentimita 2.5 kwa kila mita. Mteremko ukizidi sana, maji yanayokimbia hunyonya yale yaliyobaki kwenye mtego, yaani bomba lililopinda chini ya sinki ambalo maji yake huzuia harufu, na harufu ya shimo hupanda.

Kuhusu samani, ukatili mkubwa kwa mazingira ni kabati inayooza. Ubao wa chipu hunywa maji kupitia kingo zilizokatwa, na tundu la sinki lina ukingo mrefu uliokatwa kuliko mahali pengine pote. Fundi hukata, hupachika sinki, hupaka silikoni juu, na ule ukingo wa ndani huachwa mtupu. Maji hupita chini ya silikoni, ubao huvimba, bawaba hung'oka, na baada ya miaka michache kaunta nzima inatupwa. Dawa ni kupaka ukingo huo vanishi au gundi isiyopitisha maji mara mbili kabla ya kupachika. Kabati ya chini ya sinki isimame kwa miguu ya plastiki au chuma, kimo cha sentimita 15, na ifungwe kwa skrubu badala ya gundi ili ubao mmoja ukiharibika ubadilishwe wenyewe.

Mpangaji, au mwenye fedha za jambo moja tu, asianze na lolote kati ya kabati hizi. Aombe ruhusa ya kutoboa ukuta juu ya meko, chini kabisa ya dari, tundu la sentimita 15, aweke feni ya kutoa hewa nje, na kuacha uwazi kama huo chini ya mlango au kwenye ukuta wa pili. Tundu litobolewe likiinamia nje kidogo, ili mvua isiingie kwenye mota.